Mwonjaji wa Rusimbi

Rusimbi, Kigoma
22 Novemba 1998

Mdogo wangu Leonia,

Salamu nyingi kutoka kwenye safu yetu ya mama ntilie. Barua hii nampa Pastory, yule dereva wa lori la chumvi anayekula kwetu kila akirudi kutoka Uvinza. Anasema njia yake ya Kasulu inapita karibu na kambi yenu na kwamba ana mtu anayemjua getini. Nimemwambia akiipoteza asikalie tena benchi langu.

Bado nina hasira na wewe. Siku yale magari yalipopita kukusanya wakimbizi wa mjini, uliulizwa swali moja tu: umetoka wapi? Ungesema Kasulu, nani angekubishia? Kiha chao na Kirundi chako mpaka leo mimi mwenyewe sivitofautishi. Wewe ukainua kidevu ukasema, "Rumonge, Burundi," kama mtu anayetaja cheo. Nilitamani nikufinye. Miaka miwili umepika na mimi, mama ntilie wote wa safu hii wanakujua, na siku hiyo hata chai yako hukuimaliza.

Biashara ipo. Wapagazi wanakuja asubuhi kwa uji na mihogo ya kuchemsha, mchana ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa kukaanga. Jana nilikwenda sokoni Mwanga mwenyewe kuchagua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kazi ambayo nilizoea uifanye wewe. Muuzaji akataka kunichanganyia waliokaushwa mchangani na waliokaushwa mwambani. Nikamwambia sisi wanawake wa Ujiji tunamjua ndagala kabla ya kumjua baba. Akacheka akanipimia wa mwambani watupu. Mawese nayo ni mazuri msimu huu, mekundu, ukifungua dumu jirani wote wanajua unapika nini.

Tatizo ni isombe, kile kisamvu cha kwenu. Kila mtu anauliza isombe ya Leonia. Natwanga kisamvu mpaka mabega yanauma, naweka kila nilichokuona ukiweka, halafu Wilfred mpagazi anakula nusu sahani na kuniangalia kwa huruma. Huruma ya Wilfred, mtu anayekula hata ukoko, inaniuma kuliko matusi. Niandikie unavyofanya, hatua kwa hatua, usinifiche kitu.

Na Ramadhani hiyo inakuja. Nani atatuonjea? Wapishi wote wa safu tunafunga, Mkristo ulikuwa wewe peke yako. Nakukumbuka alasiri unavyoshuka na safu umekunja kanga, kiganja wazi, kila mmoja anakudondoshea mchuzi, unalamba, unasema neno moja tu. "Chumvi." "Bado." "Toa moto." Mwanamvua alikuwa hathubutu kuipua sufuria kabla hujapita. Sheikh anasema mpishi akionja kwa ncha ya ulimi na kutema hana kosa. Mimi najijua, nikionja nitameza.

Dada yako,
Nasra


Kambini
5 Desemba 1998

Dada Nasra,

Shikamoo. Barua imefika, ina chumvi hata ndani ya mikunjo.

Nilisema Rumonge kwa sababu nimetoka Rumonge. Nyumba waliichoma, shamba la michikichi wamelikalia watu nisiowajua. Jina la mji ndilo nililovuka nalo ziwa. Nilikane ili nimalize chai? Hata wangeniuliza leo ningejibu vile vile, na kidevu ningekiinua zaidi.

Usinihurumie. Hapa kuna soko, Jumanne na Ijumaa, tena soko hasa. Wanavijiji wa jirani wanaingia na ndizi, maharage na mihogo, sisi tunatoa mahindi na mafuta ya mgao ambayo hakuna anayeyataka. Kuna kona ya Wakongo, wanauza pondu, kisamvu chao, na samaki wa kukausha. Kuna mama mmoja wa Makamba anapika maharage na ndizi kwenye sufuria moja, mtu anakula kwa sarafu mbili akashiba mpaka kesho yake. Watu wanacheka hapa, dada. Walioandika magazetini kwamba tunakaa tunalia hawajawahi kupita Ijumaa.

Nami nimefungua mgahawa. Una turubai na mabenchi mawili. Wanapanga foleni.

Isombe ni hivi. Chuma majani ya juu tu, yale laini. Twanga bila kitunguu. Chemsha bila kifuniko. Wewe unafunika kwa sababu unaogopa vumbi, nakujua, na uchungu wote unabaki humo ndani. Acha ichemke muda wa kupika maharage mabichi. Ndagala uwakaange wakavu, pembeni. Kitunguu, nyanya chungu, karanga ukiwa nazo. Mawese mwisho kabisa. Sikufichi kitu. Kilichobaki ni ulimi na huo hauingii kwenye bahasha.

Kuhusu Ramadhani, tafuteni Mkristo mwingine, Kigoma wamejaa. Ila msimpe kazi Agnesi wa mkaa. Yule kila kitu kwake ni kitamu.

Leonia


Rusimbi
30 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Tulimpa kazi Agnesi wa mkaa.

Usicheke. Tulijaribu wapagazi kwanza, lakini mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri hana ulimi, ana tumbo. Agnesi akajitolea. Akapita safu nzima siku ya kwanza, tamu, tamu, tamu, mpaka mwisho. Magharibi watu wakafungua. Kunde za Mwanamvua zilitiwa chumvi mara mbili. Tambi za Ikram hazikutiwa sukari hata chembe. Isombe yangu ilikuwa chungu kama klorokwini kwa sababu nilisahau nikafunika, na hilo ninakiri, mkono umezoea. Ukitaka kujua futari mbovu inafananaje, ungetuona tumekaa kwenye mikeka tunaangaliana.

Lakini kuna jambo na sitakuficha. Jioni hiyo Mzee Swaibu, mwenyekiti wetu wa safu, alileta wageni wake kutoka Tabora, watu wa heshima, akiwasifia mapishi ya Rusimbi njia nzima. Wakafungua na kunde za Mwanamvua. Mgeni mmoja alitema kwenye kanzu ya Mzee. Mzee hakulala. Asubuhi akaja na maneno yake: kwamba haiwezekani safu nzima iharibike siku moja, kwamba yule mwanamke wa Burundi alikuwa anapita kila chungu na kiganja chake, na aliondoka na hasira, basi ametuachia kitu. Wewe, Leonia. Kitu.

Nikamwambia, "Mzee, alichoacha ni nafasi yake." Hakupenda.

Sasa anataka hivi. Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala nisimame mbele ya safu nzima, mimi niliyekuleta, niseme kwamba ulikuwa mchafu, kwamba nilikosea kukuweka jikoni, na kwamba chakula cha wakimbizi hakitapikwa tena kwenye meza yangu. Nisipofanya hivyo, nitoe vyungu vyangu na nafasi apewe mpwa wake. Unaijua nafasi yangu. Ile ya kona, aliyoanza mama akiuza vitumbua mimi nikiwa mgongoni. Sina nyingine.

Nimemjibu nitafikiri. Sijafikiri hata kidogo, nilikuwa nakaanga.

Nasra


Kambini
4 Januari 1999

Dada Nasra,

Sema.

Simama Ijumaa useme yote anayotaka. Sema nilikuwa mchafu. Sema niliroga kunde. Mimi nimeshaitwa mende na watu waliokuwa na mapanga mkononi, mzee mwenye kanzu iliyotemewa hanitishi. Meza ni ya mama yako. Mimi ninayo yangu hapa, kubwa, hata maneno yako hayatanifikia. Ijumaa iliyopita nimelisha watu mpaka sufuria ikakwanguliwa. Nafikiria kuongeza benchi la tatu.

Usijitie ujeuri kwa ajili yangu. Ujeuri ni wa mtu ambaye hana cha kupoteza, na wewe unacho. Isombe iite kisamvu, tia nazi badala ya mawese, waambie ni cha pwani. Watakula.

Leonia


Kigoma
10 Januari 1999

Leonia,

Barua yako imefika Alhamisi, siku moja kabla. Nimeisoma mara tatu na kila mara imenikera mahali papya.

Kwanza, nazi. Umekaa na mimi miaka miwili na bado unanidhania mtu wa kutia nazi kwenye isombe.

Pili, hayo mabenchi. Wewe sasa ni mtu mkubwa, una turubai, una foleni, maneno yetu sisi wa Rusimbi hayakufikii. Sawa. Mimi nilidhani tunaandikiana kwa sababu tunahitajiana. Kumbe ninamwandikia tajiri.

Ijumaa imepita. Nilisimama. Nilisema. Usiniulize nilisema nini, jambo limekwisha na meza ipo pale pale. Ninapika, nauza, wateja wangu ni wale wale.

Baada ya Idd nakuja kwenye hilo soko lako. Nataka nikae kwenye benchi la tatu, niagize, nilipe kama mtu yeyote, nione kama umebaki na mkono.

Nasra


Kambini
13 Januari 1999

Dada,

Basi ulisema. Ni vizuri. Nilikuambia useme, siwezi kulalamika kwamba umenisikia.

Ila nilidhani ingeniuma kidogo tu. Nilikosea hesabu.

Usije. Soko limejaa, na wageni wa mjini wanasumbuliwa getini. Nina kazi nyingi. Mlishe Mzee Swaibu vizuri.

Leonia


Kigoma, kwenye lori
16 Januari 1999

Kwa Nasra na kwa Leonia,

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno yale yale, kila mmoja apate yake. Mimi ni dereva wa chumvi, sikusoma sana, na barua zenu sikuzifungua hata moja. Lakini kila nikiwapelekea mnanikalisha, mnanisomea vipande, mnaniuliza "sasa hapa alikuwa na maana gani?" Nimechoka kubeba uongo bure. Chumvi angalau wananilipa.

Nasra, huko kambini hakuna mgahawa. Hakuna turubai, hakuna benchi hata moja. Leonia ana kopo la mafuta ya mgao analopikia uji wa mahindi, na Ijumaa anaomba sufuria kwa jirani yake Honorata, kama Honorata mwenyewe haihitaji. Mawese hana, ndagala hana. Siku ya soko anazunguka kwenye vyungu vya wenzake anaonja, anawaambia chumvi, bado, toa moto, na wao wanampa sahani. Anakula hivyo. Foleni anayoisema ni ya mgao, naye yumo ndani yake. Aliniomba nisiseme. Alisema ukijua utakataa kumkana, na utapoteza meza.

Leonia, meza ipo pale pale, hilo ni kweli, Nasra hajakudanganya. Asiyekuwepo ni yeye. Nilikuwepo Ijumaa ile, nilikuwa nimeegesha nangoja chai. Mzee Swaibu alimkaribisha mbele. Nasra akajifunga kanga kiunoni akasema hivi, nami nakumbuka kwa sababu kila mtu Rusimbi anakumbuka: "Yule mwanamke aliwaonjea futari yenu Ramadhani mbili na yeye hata hafungi. Alikuwa anangoja na ninyi mpaka jua lizame ndipo ale, wakati hakuna aliyemlazimisha. Kama kuna mchafu hapa ni mtu anayelishwa miaka miwili halafu anatema jina la aliyemlisha. Na isombe nitapika mpaka nife." Kisha akaanza kutoa vyungu mwenyewe kabla hajaambiwa.

Sasa anapikia Katubuka, nyuma ya gereji, chini ya nailoni. Mvua ikinyesha anashika pembe ya nailoni kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine. Wapagazi wanamfuata. Wilfred anasema isombe sasa imekaribia.

Nimemaliza. Mkitaka kuendelea kudanganyana tafuteni lori lingine.

Pastory


Kambini
20 Januari 1999

Dada Nasra,

Idd njema, imechelewa siku moja.

Nimesoma barua ya Pastory nikamtukana. Alikuwa amesimama mbele yangu, akangoja nimalize, akaniuliza kama nina jibu.

Sasa nisikilize. Wewe ni mjinga. Nimekuandalia njia, nimejitukana mwenyewe ili usipate taabu ya kunitukana, na wewe ukaenda ukasimama mbele ya safu nzima ukapoteza kona ya mama yako kwa ajili ya mtu anayepikia kopo. Nilipofika kwenye neno lile la kungoja jua lizame nililia, Honorata akadhani nimepata habari za msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtu Kigoma hana akili.

Nilikudanganya na ningekudanganya tena. Nilitaka uniache kwa moyo mweupe. Ulipoandika kwamba umesema, nilikaa siku nzima nikijiambia ndilo nililolitaka, na sikuwahi kulichukia jambo nililolitaka namna ile.

Lakini sitakuhurumia, maana najua utanipiga. Nakupa kazi. Mimi siruhusiwi kutoka nje ya kambi. Wewe unaruhusiwa kuingia siku za soko, kama mwanakijiji yeyote, mradi jua likizama uwe umetoka. Una shangazi Kasulu, si ulikuwa unamsema kila siku kwa jinsi anavyokoroma? Kalale kwake. Lete vyungu vyote. Lete mawese, madumu mawili, na ndagala wa mwambani tu. Kinu kipo, Honorata anacho.

Nimekwenda kwa wanawake wanaosimamia safu ya chakula hapa. Nimewaambia kuna mpishi wa Kigoma amefukuzwa kwao, hana pa kupikia. Wakauliza, amefanya nini? Nikasema, amekataa kusema uongo. Wakauliza, ana karatasi yoyote? Nikasema hana, ni mkimbizi wa Rusimbi. Walicheka mpaka Honorata akakaa chini. Halafu wakakupa nafasi, karibu na njia, penye kivuli. Yule mama wa Makamba amesogeza mawe yake ili upate upana.

Njoo Ijumaa.

Leonia


Katubuka
24 Januari 1999

Leonia,

Mjinga ni wewe. Kopo la mafuta, na unaniandikia habari za benchi la tatu. Nikifika nitakupiga kwanza, salamu baadaye.

Nailoni nimeikunja. Wapagazi nimewaaga, Wilfred akaniuliza nauli ya Kasulu ni kiasi gani. Mwanamvua na Ikram walikuja usiku wa Idd na sinia la pilau, wakakaa na mimi nyuma ya gereji, hawakujali matope. Mwanamvua amenipa sufuria yake kubwa, ile ya kunde. Amesema nikuambie kwamba Agnesi hajawahi tena kuonja kitu.

Naogopa kidogo, nakuambia ukweli. Sijawahi kupika mahali ambapo mimi ndiye mgeni. Lakini nikifikiria kwenda kuomba radhi kwa Mzee Swaibu naona afadhali niogope.

Pastory atanichukua Alhamisi alfajiri. Nitakaa juu ya chumvi na vyungu vyangu.

Nasra


Sokoni kambini
16 Machi 1999

Mzee Swaibu,

Shikamoo. Mwanao Nasra nakuandikia nikiwa mzima, na natumai wewe na nyumba yako hamjambo.

Salamu zako alinifikishia Pastory. Amesema unataka nirudi kwenye kona yangu, kwamba nafasi ipo wazi tangu nilipoondoka. Hilo nilishalisikia. Nimesikia pia kwa nini ipo wazi. Mpwa wako alipokuja na vyungu vyake, Mwanamvua akamkatalia moto, Ikram akamkatalia maji, na wengine wote wakageuza mabenchi yakaangalia upande mwingine. Alikaa siku tatu akaondoka. Mimi sikuwatuma, Mzee. Waulize mwenyewe nani aliwatuma.

Umesema tena kwamba sharti limebaki dogo. Nisiseme lolote mbele ya watu, nirudi tu kimya kimya, peke yangu, na isombe nipike nikitaka ila niiite kisamvu. Nimeisikiliza salamu hiyo mpaka mwisho kwa heshima, na jibu langu ni hapana. Kona ile aliianzisha mama kwa vitumbua na ninaipenda mpaka leo, kuna asubuhi nikiamka kwa shangazi mkono unatafuta jiko lake. Lakini sitarudi kuikalia kama mtu aliyesamehewa. Mimi sikukosa kitu. Aliyekosewa ni Leonia, naye hukumtaja hata jina kwenye salamu zako. Siku atakayoruhusiwa kutoka hapa, tutakuja wawili, na isombe itaitwa isombe. Siku hiyo kama kona haipo tutapika barabarani mbele yake.

Kwa sasa ninapika hapa, Jumanne na Ijumaa. Leonia anatwanga na kuonja, mimi nakaanga na kugombana na wateja. Tuna turubai, kweli safari hii, na benchi moja alilolichonga Nikodemu, seremala wa Wakongo, akakataa kulipwa isipokuwa kwa mgebuka. Wanavijiji wanakula kwetu, wakimbizi wanakula kwetu, na Ijumaa iliyopita Wilfred alishuka kutoka kwenye lori na wapagazi watatu, wamepoteza kazi ya siku nzima kwa ajili ya sahani ya isombe. Alikula, akalamba vidole, akamwambia Leonia, "Sasa ndiyo yenyewe." Nilimnyima nyongeza kwa kunisaliti, kisha nikampa.

Nawe unakaribishwa, Mzee. Nasema kwa moyo wangu wote, sikukejeli. Njoo na wageni wako wa Tabora ukipenda. Pastory atakuleta. Bei ni moja kwa kila mtu na chakula kinatosha. Ila ukifika usitafute kiti cha mbele na usiniite nikuhudumie kwanza kwa sababu unanijua. Utasimama kwenye foleni, nyuma ya wakimbizi, mpaka zamu yako ifike. Hapa wenyeji ni wao.

Wako katika heshima,
Nasra binti Omari, mpishi
Leonia wa Rumonge, mpishi